LUGHA KAMA SEHEMU YA USANIFU JUMUISHI: MFANO WA NENO 'SAA' KATIKA MAELEKEZO YA DAWA

IKISIRI

Makala haya yanachunguza nafasi ya lugha katika utafiti wa usanifu jumuishi, yaani usanifu unaokusudia kwamba kifaa, jengo au huduma iweze kutumiwa na watu wengi iwezekanavyo, wakiwamo wazee, watu wasiosoma kwa wepesi na watu wenye ulemavu. Hoja yetu ni kwamba maneno yanayoandikwa juu ya kifaa ni sehemu ya kifaa chenyewe, na kwamba yakikosewa, kifaa kimekosewa. Ili kuitetea hoja hiyo tunachambua maelekezo ya matumizi ya dawa kwa Kiswahili, hasa utata wa neno 'saa'. Tunaonyesha kuwa sarufi ya Kiswahili ina njia yake ya kuondoa utata huo, ila mtindo wa kufupisha maelekezo huifuta njia hiyo. Mwishoni tunapendekeza namna ambavyo idara za Kiswahili zinaweza kushiriki katika utafiti wa aina hii.

1.0 UTANGULIZI

Shangazi yetu mmoja, mkazi wa Tanga, aliwahi kupewa vidonge katika zahanati moja kwa ajili ya kidonda cha mguu. Juu ya bahasha ndogo ya dawa paliandikwa kwa kalamu maneno machache tu: 'Kidonge 1 kila saa 8'. Tulipokwenda kumjulia hali baada ya siku tano, kidonda kilikuwa kimezidi. Tulimwuliza kama alikuwa akinywa dawa. Akatujibu, 'Mwanangu, sijaacha hata siku moja. Adhana ya adhuhuri ikishapita nangoja saa nane, nameza.' Kwa siku tano alikuwa amemeza vidonge vitano, badala ya kumi na vitano.

Jambo la kuzingatia katika kisa hiki ni kwamba shangazi hakukosea. Alisoma sawasawa, alielewa kila neno, na tafsiri aliyoitoa inakubalika kabisa katika Kiswahili sanifu. Mtoa dawa naye hakukosea sarufi. Kosa lilikuwa katika sentensi yenyewe, ambayo ilibeba maana mbili na haikumpa msomaji dalili yoyote ya kuchagua iliyokusudiwa. Kwa lugha ya wasanifu wa vifaa, tungesema kwamba mtumiaji alikuwa mzima na kifaa ndicho kilikuwa kibovu.

Kwa kawaida wanaisimu huacha mambo ya namna hii kwa waganga na wafamasia. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba suala hili linatuhusu. Sehemu ya pili inaeleza chimbuko la usanifu jumuishi na dhana zake kuu. Sehemu ya tatu inachambua utata wa 'saa' na wa maneno mengine machache ya maelekezo ya dawa. Sehemu ya nne inauangalia mfano wa dawa ya mseto ya malaria. Sehemu ya tano inajadili kama picha zinaweza kuchukua nafasi ya maneno, na ya sita inatoa mapendekezo.

2.0 USANIFU JUMUISHI: CHIMBUKO NA DHANA

2.1 Chimbuko

Fikra ya kwamba mazingira ndiyo yanayomlemaza mtu, na si mwili wake peke yake, ilianza kujengeka miongoni mwa wasanifu majengo katika nusu ya pili ya karne ya 20. Nchini Uingereza, Selwyn Goldsmith, msanifu majengo aliyekuwa amepata polio, alichapisha mwaka 1963 kitabu cha mwongozo wa kusanifu majengo yanayofaa kwa watu wenye ulemavu. Baadaye aliwahoji watumiaji wa viti vya magurudumu katika mji wa Norwich, na kutokana na majibu yao kingo za njia za waenda kwa miguu ziliteremshwa mahali pa kuvukia. Waliofaidika hawakuwa wenye viti vya magurudumu tu, bali pia mama mwenye mtoto katika kigari, mchukuzi mwenye mkokoteni, na mzee asiyeweza kuinua mguu juu sana.

Nchini Marekani, Ronald Mace (1941–1998), ambaye naye alipata polio utotoni, ndiye aliyeieneza istilahi ya usanifu kwa wote. Mwaka 1989 alianzisha kituo cha utafiti katika chuo kikuu cha jimbo la North Carolina, na mwaka 1997 kundi la wataalamu lililofanya kazi na kituo hicho lilitoa kanuni saba za usanifu huo. Kanuni mojawapo inahusu taarifa zinazotambulika: kifaa lazima kimfikishie mtumiaji habari anayoihitaji, hata kama mazingira si mazuri au milango yake ya fahamu imepungua nguvu.

Istilahi ya usanifu jumuishi ilipata nguvu Uingereza. Roger Coleman aliitetea katika mada ya mwaka 1994, na mwaka 1999 kituo cha utafiti cha Helen Hamlyn kilianzishwa katika Royal College of Art, London. Utafiti wa vituo vya namna hii una sifa moja inayoutofautisha na utafiti wa maabara, nayo ni kwamba unaanzia nyumbani, jikoni na barabarani, pamoja na watu wenyewe. Kabla ya hapo, msanifu wa Marekani Patricia Moore alikuwa amejivika sura ya bibi kizee kati ya mwaka 1979 na 1982, akatembelea zaidi ya miji 100 ya Marekani na Kanada ili ajue namna vifaa na watu wanavyomtendea mzee. Kisu cha kumenyea chenye mpini mnene wa mpira, kilichoingia sokoni mwaka 1990 chini ya jina la OXO Good Grips, kilitokana na Sam Farber kumwona mkewe, Betsey, aliyekuwa na maradhi ya viungo, akitaabika na kisu cha kawaida. Kisu kilichosanifiwa kwa mkono unaouma kilipendwa pia na wenye mikono mizima.

Kutokana na mifano hiyo tunaweza kutaja misingi mitatu. Kwanza, aliye pembezoni ndiye mwalimu wa msanifu. Pili, kinachomfaa aliye pembezoni mara nyingi huwafaa na walio katikati. Tatu, mtumiaji akishindwa, anayechunguzwa kwanza ni kifaa.

2.2 Istilahi

Katika Kiswahili neno 'usanifu' lina historia ya kuvutia kwetu. Shina sanifu ndilo linalotupa 'Kiswahili sanifu' kwa upande mmoja, na 'usanifu majengo' kwa upande wa pili. Lugha na nyumba vimekutana katika shina moja. Hata hivyo, kazi zilizofanywa tangu kamati ya lugha ya mwaka 1930 hadi Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa Tanzania mwaka 1967, zimekuwa zaidi za kusanifisha, yaani kuamua umbo lipi ndilo la kufuatwa na wote. Kusanifu ni jambo jingine. Ni kuuliza kama umbo hilo, likiwekwa mahali fulani mbele ya mtu fulani, litafanya kazi iliyokusudiwa. Tumesanifisha istilahi nyingi za tiba, lakini istilahi si sentensi, na mgonjwa hamezi dawa kwa kufuata istilahi.

Aidha, lugha imekwisha kuingia katika sheria zinazohusu suala hili. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006 na kuanza kutumika mwaka 2008, unataja katika kifungu cha 2 kwamba mawasiliano ni pamoja na lugha, nukta nundu, maandishi makubwa na lugha nyepesi. Kifungu cha 4 kinazitaka nchi wanachama kufanya au kuendeleza utafiti wa bidhaa na huduma zilizosanifiwa kwa ajili ya wote. Kenya iliridhia mkataba huo mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009. Kwa hiyo, lugha nyepesi si hisani ya mwandishi kwa msomaji, bali ni wajibu ambao serikali zetu zimeukubali.

3.0 UTATA KATIKA MAELEKEZO YA DAWA

3.1 Neno 'saa'

Neno 'saa' katika Kiswahili lina angalau maana tatu: chombo cha kupimia wakati, nukta ya wakati katika siku, na kipimo cha muda. Maana ya kwanza haitusumbui hapa. Tatizo liko kati ya ya pili na ya tatu. Tuangalie mifano ifuatayo:

(1) a. Atakuja saa nane.
    b. Alilala saa nane.
    c. Kidonge kimoja kila saa nane.

Katika (1a) tunaelewa nukta ya wakati, kwa sababu kitenzi 'kuja' hakichukui muda mrefu. Katika (1b) maana zote mbili zinawezekana: alipitiwa na usingizi ilipofika saa nane, au usingizi wake ulichukua muda huo. Katika (1c) hakuna kitenzi kabisa, hivyo msomaji hana pa kushika.

Wazungumzaji wengi wamekwisha kulitatua tatizo hili kwa kuunda wingi 'masaa'. Kwao, 'saa nane' ni nukta na 'masaa manane' ni muda. Wanasarufi wa Kiswahili sanifu wamelikemea umbo hilo kwa sababu 'saa' ni jina la ngeli ya I-/ZI-, ambalo umoja na wingi wake hufanana. Hatukusudii kuufufua mjadala huo wote. Tunachotaka kusema ni kwamba 'masaa' haikuzuka kwa uvivu. Wazungumzaji walihisi pengo, wakalijaza kwa kifaa walichokuwa nacho, yaani kiambishi ma-. Mwalimu anayelifuta neno hilo kwa wino mwekundu anafuta pia tofauti ya maana ambayo mwanafunzi alitaka kuionyesha, na ni wajibu wake kumpa njia nyingine ya kuionyesha.

Njia hiyo ipo, nayo imo ndani ya sarufi sanifu. Ni upatanisho wa kisarufi:

(2) a. Ikifika saa nane, meza kidonge kimoja.
    b. Zikipita saa nane, meza kidonge kingine.

Katika (2a) kiambishi i- kinaonyesha umoja, kwa hiyo 'saa nane' ni nukta moja ya wakati. Katika (2b) kiambishi zi- kinaonyesha wingi, kwa hiyo zinahesabiwa saa zenyewe, moja moja, hadi zitimie nane. Jina halikubadilika hata kidogo, bali kitenzi ndicho kilichobeba tofauti. Hapana shaka kwamba njia hii ina mpaka wake. Ikiwa muda ni wa saa moja tu, upatanisho utakuwa wa umoja katika hali zote mbili, na itatubidi kusema 'muda wa saa moja'. Lakini kwa hesabu ya kuanzia mbili na kuendelea, ngeli inatenda kazi yake.

Sasa tunaweza kueleza kilichotokea katika bahasha ya shangazi. Maelekezo ya dawa huandikwa kwa ufupisho: kitenzi huondolewa, na namba huandikwa kwa tarakimu. Kitenzi kikiondoka, upatanisho huondoka nacho, na tofauti ya i- na zi- hupotea. Tarakimu nayo huficha tofauti ambayo hata watumiaji wa 'masaa' wangeionyesha, maana 'manane' na 'nane' zote huandikwa '8'. Ufupisho wa namna hii unaweza kuwa na madhara madogo katika lugha ambayo hutumia maneno mawili tofauti kwa nukta na kwa muda. Katika Kiswahili unafuta kiungo kilichokuwa kimeibeba maana. Kwa maneno mengine, maelekezo yaliyofupishwa kwa kufuata mtindo wa lugha nyingine hayawi Kiswahili kifupi, bali Kiswahili kilichovunjika.

3.2 Hesabu ya saa na mpaka wa siku

Utata wa pili unatokana na mahali inapoanzia hesabu. Karibu na ikweta jua huchomoza na kuzama takriban wakati ule ule mwaka mzima, na saa za Kiswahili zimejengwa juu ya ukweli huo: saa moja ya asubuhi ni saa ya kwanza ya mchana. Simu ya mkononi, hata hivyo, humwonyesha mtumiaji 7:00, naye huondoa au kuongeza sita kichwani mwake. Akiona '8:00' kwenye bahasha, hawezi kujua kama mwandishi ameshamfanyia hesabu hiyo au la.

Vilevile, mpaka kati ya siku na siku hauko mahali pamoja kwa wasemaji wote. Kwa desturi ya pwani, usiku hutangulia mchana wake, hivyo 'usiku wa Jumatatu' ni ule unaoanza Jumapili jua linapozama. Kwa wengine wengi leo, ni usiku unaofuata mchana wa Jumatatu. Waandishi wa habari wameukwepa utata huu kwa kusema 'usiku wa kuamkia Jumatatu', ambao ni mfano mzuri wa usanifu wa lugha uliofanywa na watumiaji wenyewe.

3.3 Maneno mengine

Fomula ya 'kutwa mara tatu' imezoeleka mno hata hatuichunguzi. Maana ya msingi ya 'kutwa' ni mchana wote hadi jua kuzama, na mwenzake ni 'kucha'. Mgonjwa anayelichukua neno hilo kwa maana yake hiyo atazigawa dozi tatu kati ya asubuhi na magharibi, na usiku mzima atakaa bila dawa.

Maelekezo ya 'baada ya chakula, mara tatu' yanachukulia kwamba nyumba ina milo mitatu. Nyumba yenye mlo mmoja au miwili haimo katika sentensi hiyo, na katika mwezi wa Ramadhani hata nyumba yenye uwezo ina futari na daku. 'Kijiko kimoja' nacho ni tatizo, kwa kuwa kijiko cha chai huchukua mililita 5 na kijiko kikubwa cha mezani mililita 15. Mama anayempa mtoto dawa ya maji kwa kijiko alichonacho anaweza kumpa mara tatu ya kipimo huku akiwa ametii kila neno.

Mwisho, kuna fomula ya '2 x 3'. Mtoa dawa amekusudia vidonge viwili mara tatu. Mgonjwa anaweza kusoma vitatu mara mbili, na hesabu ya shuleni itamthibitishia kwamba jibu ni lile lile, sita. Kwa mwili, hata hivyo, siyo lile lile.

4.0 MFANO WA DAWA YA MSETO

Mwaka 2006 Tanzania Bara ilianza kutumia dawa ya mseto ya artemether na lumefantrine kuwa tiba ya kwanza ya malaria isiyo kali. Dawa hii ni mfano wa pekee kwa mada yetu, kwa sababu kifungashio chake kilisanifiwa kwa makini huku ratiba yake ikiwa ngumu kuieleza.

Vidonge vilipangwa katika pakiti nne kwa uzito wa mgonjwa, zikitofautishwa kwa rangi na kuwekewa picha. Mgonjwa humeza kidonge 1, 2, 3 au 4 kwa kila dozi kulingana na uzito, na dozi ni sita katika siku tatu. Mwaka 2009 ilitolewa pia aina ya vidonge vya watoto vinavyoyeyuka katika maji, vyenye ladha tamu, kwa kuwa mtoto mdogo alikuwa akipondewa kidonge kichungu na kukitema. Hapa misingi yote mitatu ya usanifu jumuishi inaonekana.

Ugumu uko katika wakati. Dozi ya pili humezwa zinapotimia saa nane tangu ya kwanza. Dozi ya tatu humezwa zinapotimia saa 24 tangu ya kwanza, na zilizobaki hufuata kila zinapopita saa 12. Kwa hiyo mgonjwa aliyeanza saa 3 asubuhi atameza ya pili saa 11 jioni, na kuanzia kesho yake atameza saa 3 asubuhi na saa 3 usiku kwa siku mbili. Hesabu hii si ngumu kwa aliyekaa mezani na kalamu. Lakini mwenye homa, au mama aliyekesha na mtoto mwenye homa, akiambiwa 'ya pili baada ya saa 8', ana tafsiri mbili mbele yake: baada ya kupita muda wa saa nane, au wakati wowote baada ya saa nane ya mchana. Aliyeanza saa 3 asubuhi na kufuata tafsiri ya pili atameza dozi mapema mno. Aliyeanza saa 1 usiku yuko katika hali mbaya zaidi. Dozi yake ya pili inaangukia saa 9 usiku, na akiambiwa ni 'ya leo' au 'ya kesho', jibu linategemea siku kwake inaanzia wapi.

Madhara ya kukosea si madogo. Dozi isiyokamilika huweza kumwacha mgonjwa na vimelea mwilini, na dawa ikitumiwa visivyo na watu wengi, vimelea hupata nafasi ya kuwa sugu. Gharama ya sentensi mbaya hailipwi na msomaji wake peke yake.

Utafiti uliofanywa Marekani unatupa onyo jingine. Davis na wenzake (2006) waliwahoji wagonjwa 395 juu ya maelekezo yaliyobandikwa katika chupa za dawa. Kati ya wale waliokuwa na uwezo mdogo wa kusoma, asilimia 70.7 waliweza kuyaeleza kwa usahihi maelekezo ya kumeza vidonge viwili mara mbili kwa siku. Walipotakiwa kuonyesha idadi ya vidonge vya siku nzima, walioweza walikuwa asilimia 34.7 tu. Kusema, basi, si kutenda. Mtoa dawa anayemwuliza mgonjwa 'umeelewa?' na kujibiwa 'ndiyo' hajapima chochote, na katika jamii zetu, ambamo si adabu kumwambia mtaalamu kwamba hakueleweka, hiyo 'ndiyo' ina maana ndogo zaidi.

5.0 JE, PICHA ZINATOSHA?

Huenda msomaji akasema kwamba njia rahisi ni kuyaacha maneno na kuchora. Picha husaidia sana, lakini nazo zina sarufi yake. Jua lililochorwa peke yake halisemi kama linachomoza, liko utosini au linazama. Picha tatu zilizopangwa kwa mstari husomwa kuanzia kushoto na aliyesoma shule ya serikali, ilhali mzee wa pwani aliyezoea hati za Kiarabu anaweza kuanzia kulia. Kwa mtu asiyeona, picha na maandishi vyote ni karatasi tupu. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2004 ilitaka jina la dawa liwekwe kwa nukta nundu juu ya kifungashio, lakini hilo linamsaidia tu aliyejifunza kuzisoma nukta hizo, na ratiba ya dozi bado itabidi ielezwe kwa mdomo. Kwa kiziwi, maelezo ya mdomo ndiyo yasiyomfikia. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeitambua Lugha ya Alama ya Kenya kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge, lakini kutambuliwa bungeni hakujamfikisha mkalimani dirisha la dawa.

Tafsiri nayo haitoshi. Sharif na Tse (2010) walichunguza lebo za dawa zilizotafsiriwa kwa kompyuta kutoka Kiingereza kwenda Kihispania katika eneo la Bronx, New York, na kukuta kwamba nusu yake zilikuwa na makosa. Mashine ilipotafsiri kila neno peke yake, sentensi iliachwa bila mwenyewe.

Kisa cha Deborah Adler kinafaa kutajwa hapa. Bibi yake alimeza kwa bahati mbaya dawa za babu yake, kwa kuwa chupa zilifanana. Kutokana na hilo Adler alisanifu upya chupa na lebo katika tasnifu yake mjini New York mwaka 2002: jina la dawa kwa herufi kubwa, maelekezo chini yake, na pete ya rangi tofauti kwa kila mtu wa nyumba. Kampuni ya Target iliitumia chupa hiyo kuanzia mwaka 2005. Mwaka 2015 maduka yake ya dawa yaliponunuliwa na kampuni ya CVS, chupa hiyo iliachwa, na wateja wengi wakalalamika. Mafunzo ni mawili. La kwanza ni kwamba mpangilio wa maneno juu ya lebo ni mada inayostahili tasnifu. La pili ni kwamba usanifu mzuri usipolindwa na kanuni ya umma hubaki mikononi mwa anayeumiliki, na huweza kuondolewa wakati wowote.

6.0 MAPENDEKEZO

Kutokana na uchambuzi huu tunapendekeza yafuatayo.

Kwanza, maelekezo ya dawa yaandikwe kwa sentensi zenye vitenzi. 'Meza kidonge kimoja kila zinapopita saa nane' ni ndefu kuliko 'Kidonge 1 kila saa 8', lakini urefu huo ndio unaobeba maana. Namba za muda ziandikwe kwa maneno, na tarakimu ziachiwe nukta za wakati.

Pili, mzigo wa hesabu utolewe kwa mgonjwa na kupewa mtoa dawa. Badala ya kumwambia mgonjwa muda wa kuhesabu, aandikiwe saa zenyewe pamoja na sehemu ya siku: 'leo saa 11 jioni, kesho saa 3 asubuhi na saa 3 usiku'. Neno 'asubuhi', 'mchana', 'jioni' au 'usiku' lisiachwe kamwe, kwa sababu ndilo linalomhakikishia msomaji kwamba hesabu ni ya Kiswahili. Dozi inayoangukia usiku wa manane ielezwe kwa jambo linalotambulika, kwa mfano 'usiku huu, kabla ya alfajiri'.

Tatu, sentensi zijaribiwe kabla ya kuenezwa, na jaribio liwe la kutenda. Mtu apewe bahasha na mbegu za maharage badala ya vidonge, aonyeshe atakavyofanya kutwa kucha. Watu wa kwanza kuombwa wawe wale ambao kwa kawaida huombwa mwisho au hawaombwi kabisa, yaani wazee, wasioona, viziwi na watu waliojifunza Kiswahili kama lugha ya pili au ya tatu. Wasichukuliwe kuwa vitu vya kuchunguzwa, bali washiriki wanaoweza kuikataa sentensi na kupendekeza nyingine.

Nne, idara za Kiswahili zifungue mlango huu kwa wanafunzi wa shahada za uzamili na uzamivu. Tumekuwa na tasnifu nyingi juu ya ngeli, na ni haki, kwani ngeli ni uti wa mgongo wa lugha yetu. Lakini ni chache mno zilizouliza ngeli inamfanyia nini mtu aliyeshika bahasha ya dawa, fomu ya hospitali au simu yenye menyu ya kutuma fedha. Swali kama hilo halipunguzi hadhi ya isimu. Tofauti ya i- na zi- katika mifano ya (2) ni jambo la nadharia ya upatanisho, na papo hapo ni jambo la mgonjwa kupona.

Tano, mjadala wa 'masaa' ufunguliwe upya kwa jicho hili. Hatusemi kwamba umbo hilo likubaliwe katika uandishi rasmi. Tunasema kwamba kabla ya kulikataa, mwenye kukataa aonyeshe kwa majaribio kwamba umbo analolipendekeza linaeleweka angalau sawa na hilo. Ikiwa wagonjwa wataielewa 'masaa manane' vizuri kuliko 'saa nane', basi hata sisi tunaopenda usanifu wa kale itabidi tukae chini na kufikiri.

7.0 HITIMISHO

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba utafiti wa usanifu jumuishi hauishii katika mipini ya visu na kingo za barabara, bali unaingia hadi ndani ya sentensi, na kwamba kwa Kiswahili kazi hiyo haiwezi kufanywa na mtu asiyeijua sarufi yake. Tumechagua neno moja tu. Yako mengine mengi yanayongoja kuchunguzwa katika maelekezo ya mbolea na viuatilifu, katika mikataba ya mikopo na katika matangazo ya tahadhari ya mafuriko.

Shangazi alipona baada ya kuanza dozi upya. Safari hii bahasha iliandikwa saa tatu: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku. Aliisoma kwa sauti, akaihesabu kwa vidole, kisha akauliza, 'Sasa mbona mwanzo hawakuandika hivi?' Swali hilo tunaliacha kwa wasomaji wa jarida hili, kwa kuwa ni letu sisi kulijibu.